Siku ya Kwanza katika Darasa la Tatu: Namna ya Kumpokea Mwanafunzi Arudipo Shuleni

Utangulizi

Kila mwezi wa Januari shule zetu za msingi hufunguliwa baada ya likizo ya Desemba, na mwanafunzi huingia katika darasa jipya. Vyuoni twafundisha kwa urefu namna ya kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, lakini siku ya kwanza ya mwaka hutajwa kwa maneno machache tu. Kwa hiyo mwalimu mpya aghalabu huifuata desturi anayoikuta: wanafunzi hufyeka nyasi, huosha madawati, huhesabiwa, kisha hurudi nyumbani. Wiki ya kwanza huliwa na nyasi, na wiki ya pili mwalimu hufungua mada ya kwanza ya muhtasari kana kwamba wanafunzi wote wako tayari kuipokea.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kuwa siku ya kwanza ni siku ya mwalimu kusikiliza. Yako mambo mawili ambayo hana budi kuyajua mapema. La kwanza ni nani hakurudi, na hilo alijue siku hiyo hiyo. La pili ni nani kati ya waliorudi hajui kusoma, na kazi ya kulitafuta hilo ianze siku hiyo na kumalizika kabla wiki haijakwisha. Tumelichagua darasa la tatu kwa sababu ndilo ambalo mambo hayo mawili yasipojulikana, madhara yake ni makubwa kuliko katika darasa jingine lolote la shule ya msingi.

Mfano wetu tumeuchukua Manchira, katika Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, mahali palipo na bwawa la jina hilo linaloupatia maji mji wa Mugumu. Wilaya hii ni ya wakulima na wafugaji. Hulimwa mahindi, mtama, ulezi na mihogo, na hufugwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wamo Wakurya, Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na Wataturu, pamoja na watu waliohamia kwa ajili ya kazi na biashara. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iko jirani. Twayataja haya kwa sababu kila moja huingia darasani pamoja na mtoto: lugha ya nyumbani, mifugo, urefu wa njia na wanyama wa porini.

Ugeni wa Darasa la Tatu

Katika madarasa mawili ya mwanzo mtoto huzoea utaratibu mmoja. Mtaala wa mwaka 2015 uliutoa muda mwingi wa madarasa hayo kwa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, ulioanza kutekelezwa Januari 2024 kwa kuanzia na elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu, nao umezipa stadi hizo nafasi ya mbele katika madarasa hayo mawili ya chini. Aingiapo darasa la tatu, mtoto hukutana na Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, na Sanaa na Michezo. Kipindi kilichokuwa cha dakika 30 huwa cha dakika 40. Walimu huwa wengi, madaftari huwa mengi, na saa za kukaa shuleni huongezeka.

Lakini badiliko lililo kubwa kuliko hayo halionekani kwa macho. Katika darasa la pili mtoto alisoma ili ajue kusoma. Katika darasa la tatu anatakiwa asome ili ajue mambo mengine. Mwalimu wa Sayansi huandika ubaoni akiamini kuwa kusoma kumekwisha kufundishwa, na mwalimu wa Jiografia huamini vivyo hivyo. Mtoto aliyevuka bila kujua kusoma hujikuta hana mwalimu: wa darasa la pili amemwacha nyuma, na hawa wapya hawadhani kuwa kazi ile bado ni yao.

Hapana budi tuseme pia kwa nini mtoto wa namna hii hatambuliki upesi. Mara nyingi yeye ni mtulivu. Hunakili kila kilichoandikwa ubaoni, tena kwa mwandiko mzuri, na daftari lake husahihishwa kwa alama za vema. Darasa linapojibu kwa pamoja, naye hufungua kinywa pamoja na wenzake. Lipitishwapo zoezi la kusoma kwa zamu, huwa amekwisha kulikariri fungu la maneno kwa kuwasikiliza waliomtangulia. Kwa njia hii aweza kukaa miaka miwili akionekana kuwa anasoma. Mwisho wa darasa la nne hukutana na Upimaji wa Kitaifa, ambapo hakuna wa kumsikiliza wala wa kumnakilia. Wakati huo amekwisha kuamini kuwa yeye ni mjinga, na wazazi wake wamekwisha kuamini kuwa shule haina faida. Mtoto huyo kurudi kwenye ng'ombe ni hatua fupi.

Mambo Yaliyompata Mtoto Wakati wa Likizo

Likizo ya Desemba huchukua mwezi mmoja hivi, nayo yatosha kumsahaulisha mtoto wa umri wa miaka minane au tisa mengi aliyoyajua kwa shida. Katika nyumba isiyo na kitabu wala gazeti, huenda asione neno lililoandikwa tangu shule ifungwe mpaka ifunguliwe. Tena katika nyumba nyingi za wilaya hii Kiswahili hakizungumzwi na wazee. Mtoto hurudi Januari akiwa amezungumza Kikurya, Kiikoma au Kingoreme kwa mwezi mzima. Ulimi wake haujawa mzito kwa sababu ya upungufu wa akili. Umetoka katika lugha moja na kuingia katika nyingine. Katika mikoa kadhaa, Mara ukiwemo, mpango wa EQUIP-Tanzania uliofanya kazi kati ya miaka 2014 na 2020 uliliona jambo hili, ukaanzisha mafunzo ya utayari wa shule kwa watoto waliokuwa hawajazoea Kiswahili. Mafunzo hayo yalihusu mtoto kabla hajaanza shule. Lakini kila Januari mtoto huanza shule tena kidogo.

Desemba pia ni msimu wa jando na wa ukeketaji katika sehemu za Tarime na Serengeti. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18, lakini desturi haijakoma. Wapo wasichana wanaokimbilia nyumba salama, kama zile za Mugumu na Masanga, ili waokoke. Aghalabu wao ni wa madarasa ya juu. Hata hivyo, katika darasa la tatu huweza kuwamo msichana aliyechelewa kuanza shule, au mdogo wa msichana aliyekimbia, anayejua yote yaliyotokea nyumbani. Kwa hiyo mwalimu asidhani kuwa likizo ilikuwa mapumziko kwa kila mtoto.

Jambo jingine ni umri. Mtoto wa mfugaji aweza kuingia darasa la tatu akiwa na miaka 11 au 12 kwa sababu alipewa kwanza kazi ya kuchunga. Mwalimu asimpime akili kwa kimo chake. Katika mkoa huu huu, Julius Nyerere, mtoto wa Butiama ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki, alianza shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12 hivi, na mwaka 1937 aliingia Shule ya Tabora. Kuchelewa kuanza na kuzungumza lugha nyingine nyumbani havikumzuia kwenda mbele. Twataja mfano huu ili mwalimu asiharakishe kumweka mtoto mkubwa nyuma ya darasa na kumsahau.

Maandalizi ya Mwalimu

Kabla ya siku ya kwanza mwalimu wa darasa la tatu afanye mambo manne.

1. Azungumze na mwalimu aliyefundisha darasa la pili. Asimwulize tu nani ni hodari na nani ni dhaifu; amwulize kila mtoto alifikia wapi katika kusoma, na nani alikuwa akikosa shule na kwa sababu gani.

2. Aombe rejesta ya mahudhurio ya darasa la pili ya mwaka uliopita. Umuhimu wake tutaueleza mbele.

3. Aandike kwa herufi kubwa, juu ya karatasi mbili au tatu ngumu, fungu fupi la kusoma lisilokuwamo katika kitabu cha darasa la pili, ili asiwepo mtoto aliyelikariri.

4. Akusanye vijiti, vizibo au mbegu za kuhesabia, na aandae daftari moja la kumbukumbu lenye ukurasa au mistari michache kwa kila mwanafunzi.

Siku Yenyewe: Hatua za Kufuata

Hatua ya kwanza: Kuita majina. Baada ya salamu, mwalimu aite majina kutoka katika rejesta ya darasa la pili. Desturi iliyoenea ni kuwaandika upya wale waliopo, kisha kuwaongeza wengine kadiri wanavyokuja. Desturi hiyo ina hatari kubwa. Mtoto asiyekuja hawezi kuonekana kuwa hayupo, kwa kuwa jina lake halikuandikwa popote. Orodha mpya humzika asiyekuwapo. Mwalimu akiita kutoka katika orodha ya zamani, kila kimya kitakachofuata jina kitakuwa swali linalotaka jibu. Awaulize wenzake kwa upole ni nani amwonaye huyo nyumbani. Watoto hujua mengi: huyu amehamia kwa mjomba wake, yule anachunga, mwingine ni mgonjwa. Kila jibu liandikwe pamoja na tarehe. Mchana wa siku hiyo mwalimu apeleke majina ya wasiokuja kwa mwalimu mkuu, ili mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji wapate habari wiki hiyo hiyo. Mtoto aliyekosa siku tatu hurudishwa kwa urahisi; aliyekosa miezi mitatu amekwisha kupata kazi nyingine.

Hatua ya pili: Mazungumzo ya kufungua ulimi. Walimu wengi hupenda kuanza mwaka kwa kuwaambia wanafunzi waeleze au waandike jinsi walivyotumia likizo. Kwa sababu tulizokwisha kuzitaja, twashauri swali hilo lisiulizwe mbele ya darasa. Msichana aliyejificha Desemba yote atalazimika ama kusema uongo ama kujianika mbele ya wenzake. Badala yake mwalimu achague jambo ambalo kila mtoto ana la kusema juu yake bila kujitaja: mnyama gani wa porini huharibu mashamba, na watu humfukuza vipi, au mchezo gani huchezwa na watoto wa kitongoji chao. Katika vijiji vilivyo karibu na hifadhi, habari za tembo kuingia mashambani huwafanya hata walio kimya waseme. Mtoto akikwama katika Kiswahili, aruhusiwe kulisema neno kwa lugha ya nyumbani, na mwenzake alitafsiri. Asichekwe. Lengo la dakika hizi 20 ni kuurudisha ulimi katika Kiswahili na kumwonyesha mtoto kuwa sauti yake inasikilizwa katika darasa hili jipya.

Hatua ya tatu: Kusikiliza usomaji. Hii ndiyo hatua kuu. Tumekwisha kusema kuwa siku ya kwanza wanafunzi hufanya usafi. Mwalimu aitumie kazi hiyo badala ya kuizuia. Wakati darasa linafagia na kufyeka chini ya uangalizi wa viranja na mwalimu mwenzake, yeye aketi chini ya mti, mahali pa kuonekana na wote lakini pasiposikika, na awaite wanafunzi mmoja mmoja. Kila mmoja asome kwa muda wa dakika moja, kisha ajibu maswali matatu kwa dakika nyingine moja. Darasa likiwa na wanafunzi 75, akiwasikiliza 25 kila siku atatumia dakika 50 kwa siku, na kwa siku tatu atakuwa amelimaliza darasa lote.

Mfano wa fungu la kusoma ni huu:

Mama ana mbuzi wawili. Mbuzi wake wanakula majani karibu na bwawa. Leo mvua imenyesha. Njia ina matope. Baba anasema, "Rudisheni mbuzi nyumbani mapema."

Maswali: (a) Mama ana mbuzi wangapi? (b) Kwa nini njia ina matope? (c) Kwa nini baba anataka mbuzi warudi mapema?

Swali la kwanza jibu lake limo katika fungu wazi. La pili humtaka mtoto aunganishe sentensi mbili. La tatu halina jibu lililoandikwa, nalo ndilo litakaloonyesha kama mtoto anafikiri anaposoma. Mmoja atasema ni kwa sababu ya mvua, mwingine fisi, mwingine tembo. Majibu yote hayo yakubaliwe. Mazungumzo yaweza kwenda hivi:

Mwanafunzi: Shikamoo, mwalimu.
Mwalimu: Marahaba, mwanangu. Karibu uketi. Nataka unisomee kidogo. Hapa hakuna alama wala adhabu.
Mwanafunzi: Mama ana mbuzi wawiri. Mbuzi wake wanakura majani…
Mwalimu: Vema. Endelea.

Twaomba msomaji aliangalie jibu la mwalimu huyu. Mtoto amesema "wawiri" na "wanakura", naye hakumkatiza. Amefanya sawa. Kikurya hakitofautishi sauti za L na R kama Kiswahili kinavyofanya, na mtoto aliyekulia katika lugha hiyo huzichanganya bila kujua. Mtoto huyu amesoma. Kilichobaki ni matamshi. Mwalimu asiyeijua lugha ya mahali, hasa aliyetoka mkoa mwingine, aweza kumwandika kuwa hajui kusoma, na kumrudisha kwenye silabi alizokwisha kuzishinda. Kosa la kusoma ni jingine kabisa: mtoto anaposoma "mama" mahali palipoandikwa "majani" kwa kukisia herufi ya kwanza, au anaposoma silabi moja moja mpaka mwisho wa sentensi na asijue amesoma nini. Matamshi yatarekebishwa baadaye kwa jozi za maneno ambayo maana yake hubadilika, kama vile kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari. Mtoto wa mfugaji ataicheka hiyo ya mwisho, na akiicheka hataisahau.

Hatua ya nne: Kuandika na kuhesabu. Usafi ukiisha, darasa lote liandike imla fupi: maneno matatu, yaani kalamu, mbuzi na ng'ombe, na sentensi moja, "Mama anapika ugali." Kisha zitolewe hesabu tatu: 35 + 27, 52 − 18, na ya maneno: "Marwa ana ng'ombe 24. Baba yake amenunua ng'ombe 9. Sasa wako ng'ombe wangapi?" Maswali yaandikwe ubaoni na kusomwa na mwalimu kwa sauti, ili asiyejua kusoma asishindwe hesabu kwa sababu hiyo tu. Mwalimu anaposahihisha, aangalie makosa kuliko idadi ya vema. Aliyeandika 512 katika hesabu ya kwanza amejumlisha mamoja na makumi kila moja peke yake bila kubeba. Aliyeandika 46 katika ya pili ametoa namba ndogo katika kubwa kila mahali, yaani 2 kutoka 8, na 1 kutoka 5. Wote wawili wanajua kujumlisha na kutoa. Wasichokijua ni thamani ya nafasi. Aliyeacha ukurasa mtupu ana shida nyingine, naye apewe vijiti kesho yake na aangaliwe anavyohesabu.

Hatua ya tano: Kuifunga siku. Mwalimu awasimulie hadithi fupi, au awasomee ukurasa mmoja wa kitabu kipya cha Sayansi wenye picha, na aahidi kuuendeleza kesho. Yafaa mtoto aende nyumbani akiwa na jambo jipya la kumwambia mama yake. Mtoto aliyefyeka nyasi tu hana la kusimulia.

Kuyatumia Yaliyopatikana

Kazi ya kusikiliza haina maana isipofuatwa na mpango. Mwisho wa wiki mwalimu atakuwa na makundi matatu: wanaosoma na kuelewa, wanaosoma kwa kukatakata, na wasiojua bado herufi au silabi. Makundi haya yasiitwe kwa namba wala kwa sifa. Yapewe majina ya mito ya nchi yao, kama Mara, Grumeti na Mbalageti, na mtoto ahamishwe mara tu anapoendelea, ili jina la kundi lisiwe muhuri.

Kundi la tatu lipewe dakika 20 kila siku, kabla ya masomo kuanza au baada ya kipindi cha mwisho, kwa herufi na silabi. Watoto hawa wakae mbele darasani, kila mmoja karibu na mwenzake wa kundi la kwanza ambaye atamsomea maswali kwa sauti ya chini. Kundi la pili halihitaji silabi tena. Lahitaji kusoma fungu fupi lile lile mara nyingi mpaka maneno yatiririke. Walimu wa masomo mengine nao wapewe majina ya kundi la tatu, ili wajue ya kuwa mtoto aliyeshindwa swali la Sayansi huenda hakushindwa Sayansi. Mwisho wa Machi wote wasikilizwe tena, kwa fungu jingine.

Ikitokea wakati wa kusikiliza kuwa mtoto ameeleza jambo la kutisha, kwamba amekeketwa, au dada yake ameozwa, au yeye mwenyewe ameahidiwa kuozwa, mwalimu asiahidi kulificha. Amweleze mtoto kwa utulivu kuwa atamtafutia msaada, na amwarifu mwalimu mkuu siku hiyo hiyo, ili habari imfikie afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Tangu mwaka 2016 sheria imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Lakini sheria haiwezi kumfikia mtoto ambaye hakuna mtu mzima aliyemsikia.

Hoja Zinazopinga na Majibu Yake

Wapo watakaosema kuwa madarasa ni makubwa mno. Ni kweli kuwa yamekuwa makubwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kuwa watoto wote wa umri wa shule waingie shule ya msingi kufikia mwaka 1977, na madarasa yakajaa. Yakajaa tena ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi mwaka 2002, na mara nyingine Januari 2016 michango ya lazima ilipofutwa katika elimumsingi. Kila mara taifa lilifanya jambo la haki, na mzigo wake ukawa mabegani mwa mwalimu. Lakini ukubwa wa darasa hauipunguzi haja ya kusikiliza, waiongeza. Katika darasa la watoto 30 mwalimu atamgundua asiyejua kusoma hata kama hakumtafuta. Katika darasa la watoto 90 hatamgundua mpaka amtafute.

Wengine watasema kuwa muhtasari ni mrefu na siku tatu ni nyingi. Twajibu kuwa siku hizo tatu sasa hivi zinatumika kwa nyasi. Aidha, mada inayofundishwa kwa watoto ambao theluthi yao hawaisomi haijafundishwa, hata kama imeandikwa katika shajara ya somo kuwa imekwisha.

Wengine tena watasema kuwa kazi hii ilikuwa ya mwalimu wa darasa la pili. Huenda ni kweli. Lakini mtoto hawezi kurudi kwa mwalimu huyo, na lawama haimfundishi mtu kusoma. Aliyeketi mbele yetu Januari ni wetu.

Hitimisho

Tumeonyesha kuwa siku ya kwanza katika darasa la tatu ina kazi mbili zisizoweza kuahirishwa bila hasara: kumtafuta asiyekuja na kumsikiliza aliyekuja. Vifaa vyake ni rejesta ya zamani, karatasi chache ngumu, vijiti vya kuhesabia na daftari moja, na muda wake ni ule ambao kila shule tayari huutoa kwa usafi. Mwanachuo anayekwenda katika mazoezi ya kufundisha huenda asiwepo shuleni siku hiyo ya Januari, lakini aweza kufanya zoezi la kusikiliza wiki yoyote anayofika, na kumwachia mwalimu wa darasa daftari la kumbukumbu. Itakuwa zawadi nzuri kuliko chati za ukutani.

Maswali ya Majadiliano

1. Chunguza jinsi shule uliyofanyia mazoezi inavyoandikisha wanafunzi Januari. Je, mtoto asiyerudi angejulikana siku ya ngapi, na nani angejua kwanza?

2. Tunga fungu la kusoma lenye maneno kati ya 20 na 30 linalofaa mazingira ya shule hiyo, pamoja na maswali matatu ya namna tulizozieleza.

3. Lugha ya nyumbani ya wanafunzi wako hutofautianaje na Kiswahili katika sauti? Taja makosa mawili ambayo mwalimu mgeni aweza kuyadhania kuwa ni ya kusoma, kumbe ni ya matamshi.

4. Mwanafunzi ana mwandiko mzuri na daftari safi, lakini hujibu maswali pamoja na darasa tu. Eleza hatua utakazochukua ili kujua kama anasoma, bila kumwaibisha mbele ya wenzake.